Waifai haifiki chumba cha uani? Pitisha intaneti kwenye nyaya za umeme

Nyumba ya mamkubwa wangu ipo Chumbageni hapa Tanga, zile za zamani ambazo ukuta wake ukiweka mkono dirishani kiwiko kipo ndani na vidole bado havijafika nje. Rauta ipo sebuleni mbele, watoto wanasomea chumba cha uani nyuma kabisa, na hapo katikati kuna kuta tatu, korido ndefu, na ua wenyewe. Waifai ikifika jikoni ishachoka. Mamkubwa akanipigia simu, baada ya shikamoo hata hali hajaniuliza, akaniambia "mwanangu hii intaneti nailipia mie kila mwezi lakini ina tabia za mgeni, inaishia barazani, ndani haingii."

Tulianza na ekstenda ya waifai, ile ya kuchomeka ukutani katikati ya njia. Simu zikaonyesha mnara umejaa halafu video haifunguki. Ekstenda inagawa kile inachopokea, ikipokea uji inagawa uji, na kwenye korido ile ilikua inapokea uji. Ndo nikahamia kwenye adapta za pawalaini, yani vidude viwili vinavyotumia nyaya za umeme zilizopo ukutani kubeba intaneti toka chumba kimoja mpaka kingine, na leo naeleza jinsi ya kuzifunga pamoja na makosa niliyofanya maana nilifanya karibu yote.

Kwanza niseme ukweli kabla hujatoa hela. Kama unaweza kuvuta waya wa LAN, yani ule waya wa mtandao, toka kwenye rauta mpaka huko nyuma, vuta waya. Waya wa Cat5e au Cat6 unakwenda mpaka mita 100 bila shida, haujali friji wala pasi, na hauna siku mbaya. Pawalaini ni ya mtu ambae hawezi kutoboa, aidha umepanga na mwenye nyumba mkali, au kuta ni nene, au kama kwa mamkubwa, miimo ya milango ni mvule na ukionekana na drili mkononi unafukuzwa. Kwa hao sasa tuendelee.

Jinsi inavyofanya kazi sio uchawi. Umeme wetu ni volti 230 na unatikisika mara 50 kwa sekunde. Adapta inatumia waya ule ule lakini inaweka juu yake mawimbi madogo yanayotikisika kuanzia mara milioni 2 kwa sekunde mpaka milioni 28 hivi, na zile mpya zaidi, za kizazi kinachoitwa AV2, zinapanda mpaka milioni 86. Tofauti ni kubwa mno kiasi kwamba havigombani, lori la mkonge na baiskeli kwenye barabara moja, kila mmoja na upande wake. Adapta ya pili kule uani inachuja, inautupa umeme inabaki na intaneti, basi.

Sasa angalia rauta yako kabla ya kitu chochote. Lazima iwe na tundu la LAN, lile la mraba linalofanana na tundu la simu ya mezani ila pana zaidi. Ukiwa na kale karauta kadogo ka mfukoni ka kuchaji kwa chaja ya simu, mengi hayana tundu hilo na hapo pawalaini haikusaidii chochote, usinunue. Rauta za nyumbani za laini ya simu, zile ndefu za kusimama, nyingi zina tundu moja mpaka manne, na za faiba zote nilizoziona zinalo. Geuza rauta uangalie, dakika moja tu, mi nina rafiki Makorora kanunua adapta kwanza ndo akageuza rauta.

Kwenye kununua angalia vitu vitatu. Cha kwanza plagi. Nunua zenye pini tatu za mraba za Kiingereza ambazo ndo soketi zetu, usidanganyike na zile za pini mbili za mviringo kwasababu ni nafuu. Najua wote tunaijua ile ya kubonyeza tundu la juu na kalamu ili pini mbili ziingie, lakini adapta nzuri za AV2 zinatumia na waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini, kubeba intaneti pamoja na zile nyaya mbili nyingine, ukiweka pini mbili umeitupa njia moja, na pia inakaa imelegea, na kitu kinachokaa kwenye soketi miezi na miaka kimelegea kinaunguza soketi.

Cha pili ni namba ya kwenye boksi. Limeandikwa 600 Mbps, yani spidi ya megabiti 600 kwa sekunde, we unaona nitapata 600. Hupati. Ile namba ni ya kwenye waya wa umeme wenyewe, hali zote zikiwa nzuri, kwenda na kurudi pamoja, halafu chini yake kuna mambo mengi yanakula humo humo. Na zaidi ya hapo adapta nyingi za 600 zina tundu la LAN la 100 Mbps, yani hata waya ukiwa wa peponi mlango ni wa 100. Kama una faiba ya zaidi ya hapo tafuta za 1000 kwenda juu ambazo tundu lake ni la giga, yani 1000 Mbps. Kama bando lako ni Mbps 10 au 20 hata za 600 zinatosha na chenji inabaki, Netflix wenyewe wanasema HD kamili ya 1080p inataka Mbps 5 tu na 4K inataka 15.

Cha tatu, lugha. Zipo za HomePlug na zipo za G.hn na haziongei pamoja, moja ya hivi na moja ya vile ni sawa na kununua kiatu cha kushoto tu mara mbili. HomePlug AV na AV2 zinaelewana ila zinakwenda kwa mwendo wa ile ya zamani. Nunua pea kwenye boksi moja uepuke maneno.

Haya, kufunga. Usianze kwa kupeleka moja mbele na moja nyuma. Chomeka zote mbili karibu karibu, soketi pacha moja ukutani kama zinaenea, au soketi mbili za chumba kimoja. Subiri taa ya umeme itulie. Bonyeza kitufe kilichoandikwa Pair kwenye ya kwanza, sekunde moja tu uachie, taa itaanza kupepesa, halafu ndani ya dakika mbili nenda bonyeza na ya pili vile vile. Subiri kidogo, ile taa yenye alama ya nyumba au ya soketi itawaka bila kupepesa kwenye zote, hapo zishajuana. Usikishikilie kitufe kwa muda mrefu ukidhani ndo unakaza, ukishikilia inafuta kila kitu inarudi kama ilivyotoka kiwandani, mi nilifanya hivo mara mbili nikaanza kulaumu duka.

Watu wengi hiki kitufe wanakiruka kwasababu zikitoka kwenye boksi zinaweza kuongea zenyewe bila kubonyeza chochote, na kweli zinaongea. Lakini ukipanga nyumba moja na wengine mnachangia LUKU moja, kila mtu na chumba chake, waya wenu ni mmoja. Adapta zikiwa bado na jina la mtandao la kiwandani, jirani wa chumba cha tatu akinunua za aina hiyo hiyo akachomeka, anaingia kwenye mtandao wako bila paswedi na bila hata yeye kujua. Kitufe cha Pair kinatengeneza ufunguo wenu wa siri, kila kinachopita kinafungwa kwa kufuli la siri linaloitwa AES, la biti 128. Kwahiyo bonyeza, hata kama ishawaka.

Baada ya hapo ya kwanza irudishe kwa rauta, uiunganishe na waya mfupi wa LAN, na ya pili ipeleke uani. Zinakumbuka, hazihitaji kuoanishwa tena hata zikizimika.

Na hapa ndo kosa langu kubwa. Kwa mamkubwa nyuma ya meza ya tivii kuna soketi moja tu, na kwenye ile soketi kuna ekstensheni yenye tivii, king'amuzi, rauta, redio ya baba mkubwa, na chaja mbili za simu ambazo ukiziangalia kwa karibu maandishi yake yana makosa ya spelingi. Mi nikachomeka adapta hapo hapo kwenye ekstensheni pamoja na wenzake. Uani nikapata Mbps 6. Nikakaa pale kwenye kiti cha mkeka naangalia 6, na bando ni la 40. Nikataka kuzirudisha dukani kabisa. Binamu yangu mdogo, yupo kidato cha pili, akasema kaka mbona maelekezo yameandikwa chomeka ukutani. Nikaitoa ekstensheni, nikaweka adapta ukutani yenyewe, ekstensheni nikaipeleka soketi ya upande wa pili wa dirisha. Mbps 31. Nikachomoa zile chaja mbili za maandishi mabovu, 37. Waya ule ule, nyumba ile ile, saa ile ile.

Sababu ni hizi. Ekstensheni nyingi zenye taa nyekundu ya kinga ya shoti zina vichujio ndani vinavyomeza yale mawimbi ya kasi wakidhani ni uchafu wa umeme, na kwa kweli ndo kazi yake. UPS ni hivo hivo, na friji gadi usipitishie kabisa, mbali na kelele zake yenyewe inakata umeme ikiona volti imeshuka halafu inasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha, sasa kila volti ikicheza intaneti ya uani inakwenda likizo. Chaja za bei chee, taa za LED zisizo na jina, mashine ya kukatia nywele, blenda, drili, hivi vyote vinatupa kelele kwenye waya na kelele hiyo ipo kwenye masafa yale yale adapta inayoongelea. Mbinu ya kumpata mchawi ni moja. Pima spidi, chomoa kitu kimoja, pima tena. Usichomoe vyote kwa pamoja, utafurahi lakini hutajua nani alikua nani.

Kuhusu kupima fanya hivi ili usijidanganye. Anzia kwenye rauta, kompyuta kwa waya, pima upate namba ya bando lako halisi. Halafu nenda uani, kompyuta kwa waya kwenye adapta ya pili, pima. Ukipima kwa waifai ya simu unachanganya matatizo mawili hujui lipi ni lipi. Pima asubuhi na pima saa mbili usiku wakati kila mtu kawasha kila kitu. Usipate bando la 10 ukategemea adapta ikupe 30, adapta haizai intaneti. Adapta nyingi zina taa inayobadilika rangi kuonyesha waya ukoje, na TP-Link wana programu yao inaitwa tpPLC inakuonyesha namba kati ya adapta na adapta, hiyo inasaidia kuchagua soketi maana soketi mbili za chumba kimoja zinaweza kutofautiana mara mbili. Jaribu zote, hata ile ya nyuma ya kabati ambayo hakuna anaeijua.

Sisi watu wa pwani tuna adui mwingine, chumvi. Fungua macho uangalie soketi za nyumba iliyokaa karibu na bahari miaka thelathini, Raskazone huko au Sahare, vile vyuma vya ndani vina kutu ya kijani na plagi inacheza kama jino la mtoto. Muunganiko mbovu unaua intaneti kabla haujaua umeme, taa itawaka vizuri tu lakini pawalaini itakatika katika. Soketi ya uani kwa mamkubwa ilikua hivo, ukiigusa adapta kidogo taa inazima. Tukaita fundi umeme akabadilisha soketi yote, akakaza na nyaya, na akiwa pale nikamuomba aangalie ethi kama ipo kweli au ni waya wa kijani umekunjwa tu ndani ya ukuta hauendi popote. Ulikua umekunjwa. Akachimbia ethi rodi mpya, na hiyo ningeifanya hata kama hakuna intaneti duniani kwasababu ethi ni ya kuokoa roho. Spidi ya uani ikafika 40, yani bando linafika lote. Mambo ya kufungua soketi na meni swichi usifanye mwenyewe kwa sababu umesoma kitu mtandaoni, hata kama umekisoma kwangu.

Kuna nyumba ambazo itagoma na ni vizuri ujue mapema. Kama banda la uani lina LUKU yake ya peke yake, mawimbi inabidi yatoke mita moja yaingie nyingine, mara nyingi hufiki popote pa maana. Kama nyumba ina fezi tatu na sebule ipo fezi moja na uani fezi nyingine, yanaruka kidogo lakini yanafika dhaifu, muulize fundi kama anaweza kuhamishia soketi hizo mbili fezi moja. Hujui kama una fezi tatu? Kama ilishawahi kutokea nusu ya nyumba yako ina umeme na nusu giza na sio breka imeshuka, huenda unazo. Na ukiwa na inveta ya sola inayohudumia baadhi ya soketi tu, hakikisha adapta zote mbili zipo upande mmoja, zote za inveta au zote za nje, halafu inveta za bei rahisi zinatoa umeme wenye kelele mbaya kuliko blenda. Umeme ukikatika bila inveta basi adapta zinakufa, hata kama rauta yako ina betri yake, uani hakuna kitu.

Zile adapta zenye waifai ndani yake zina kitufe cha kunakili jina na paswedi ya rauta, unabonyeza WPS kwenye rauta halafu kwenye adapta, simu zinaona mtandao mmoja. Ila mi nilinunua za kawaida zisizo na waifai kwasababu nilikua na rauta ya zamani ya faiba imelala kabatini. Ukitaka njia hii, ingia kwenye mipangilio ya rauta ya zamani, badilisha anwani yake isifanane na ya rauta kubwa, kama kubwa ni 192.168.1.1 hii iwe 192.168.1.2, zima DHCP ili zisigawe anwani zote mbili zikagombana, weka jina na paswedi ya waifai, chagua chaneli tofauti kati ya 1, 6 au 11, halafu waya toka kwenye adapta uchomeke tundu la LAN. Sio lile la WAN la rangi tofauti. Nusu ya watu wanaonipigia simu wamechomeka kwenye WAN.

Mvua za masika zikikaribia, chomoa adapta kwa mkono kabla radi haijaanza. Kwasababu hatuwezi kuziweka nyuma ya kinga ya shoti zipo uchi, na umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo mara tatu ndani ya dakika tano, chomoa pia, subiri utulie. Zinapata joto kidogo hiyo ni kawaida, usizifunike na pazia. Baba mkubwa akilalamika redio yake ya masafa mafupi inavuma anasema kweli, mawimbi ya adapta yapo humo humo kwenye masafa mafupi, sogeza redio mbali na ukuta au itumie kwa betri.

Kimebaki kisa cha LUKU. Wiki ya kwanza kila usiku saa nne intaneti ya uani inakufa, asubuhi inafufuka. Nikaja na kompyuta, nikapima, nikabadilisha soketi, nikamshuku jirani. Kumbe mamkubwa akienda kulala anapita anachomoa ile adapta ya sebuleni kwasababu ina taa tatu zinawaka na kitu chenye taa kinakula umeme. Nikamkalisha nikampigia hesabu, kila kimoja kinakula wati 3 mpaka 6, chukua viwili pamoja wati 8, usiku na mchana mwezi mzima ni kama uniti 6. Akanisikiliza vizuri sana, akasema sawa mwanangu. Nikabandika karatasi ukutani USICHOMOE kwa herufi kubwa. Asubuhi nikakuta karatasi imekunjwa vizuri imewekwa juu ya tivii, na pale kwenye soketi ipo chaja ya simu yake.

Nikaenda kubadilisha kwa pea nyingine, zile zenye tundu la soketi kwenye uso wake, unachomeka adapta ukutani na kitu kingine unakichomeka kwenye adapta yenyewe, na lile tundu lina kichujio kinachozuia kelele za chaja zisirudi kwenye waya. Soma tu nyuma yake inabeba ampea ngapi kabla hujafikiria kuweka pasi. Sasa mamkubwa anachaji hapo hapo na hachomoi kitu.